Sungura wa Australia na Mizani ya Maumbile

Wasikilizaji wetu, hapana mkulima asiyemjua panya. Humwona ghalani, humwona shambani, na asipomwona mwenyewe huona kazi yake: gunia lililotobolewa na masuke yaliyokatwa. Panya jike hubeba mimba muda wa wiki tatu tu, kisha huzaa watoto wengi kwa mara moja, na watoto hao, kabla hawajatimiza miezi mingi, nao huanza kuzaa. Kwa desturi hiyo ingetupasa kukuta panya wametanda nchi nzima, mjini na porini, hata pasiwe na mahali pa kuweka mguu. Lakini sivyo ilivyo. Mwaka huu ni wengi, mwaka wa pili ni wachache, na dunia yaendelea. Je, ni nani awazuiaye?

Swali hili ndilo tutakalozungumza nanyi leo. Twaweza kulijibu kwa maneno matupu, lakini afadhali tulijibu kwa habari iliyotokea kweli. Mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba haangalii sana nguzo zake. Siku nguzo moja inapoondolewa ndipo ajuapo ilikuwa ikibeba nini. Nchi ya Australia ni nyumba ambayo nguzo zake zilikosekana kwa mnyama mmoja, tena mnyama mdogo, mpole, asiye na meno ya kuuma mtu wala pembe. Mnyama huyo ni sungura.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja amshindaye fisi na simba, ni mnyama wa porini aishiye juu ya ardhi. Hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wenye manyoya na macho wazi. Sungura tunayemtaja leo ni ndugu yake, yule afugwaye katika vibanda kwa ajili ya nyama. Huyu asili yake ni nchi za Hispania na Ureno. Huchimba mashimo marefu yenye njia nyingi, huishi humo kwa makundi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Jike hubeba mimba muda wa mwezi mmoja hivi, huzaa watoto wanne, watano au sita, na mara akiisha kuzaa aweza kushika mimba nyingine. Mtoto wa kike naye, akipata miezi minne hivi, yu tayari kuzaa.

Basi na tufanye hesabu ndogo, kama wafanyavyo watoto wa shule. Tuseme dume na jike wanazaa watoto 24 kwa mwaka, yaani jozi 12, wala hapana hata mmoja afaye. Mwaka wa kwanza ukiisha, jozi moja imekuwa jozi 13. Mwaka wa pili zimekuwa jozi 169. Mwaka wa tatu ni 2,197, mwaka wa nne ni 28,561, na mwaka wa tano ni jozi 371,293. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba moja, kwa miaka mitano tu, imejaza wilaya nzima.

Hata hivyo, sungura wamekuwako Hispania kwa maelfu mengi ya miaka, nao hawakuijaza. Maana yake ni hii: katika watoto wote wazaliwao na jozi moja katika maisha yao yote, kwa wastani wawili tu ndio wapatao kuishi na kushika mahali pa baba na mama. Waliobaki hufa. Wangeishi watatu badala ya wawili, nchi ingefurika. Angeishi mmoja tu, jamii yao ingekwisha. Hiyo ndiyo tuitayo mizani ya maumbile.

Mizani hiyo ina walinzi wanne. Mlinzi wa kwanza ni njaa: wanyama wakizidi, majani hupungua, na wasiopata hufa au hushindwa kuzaa. Jike la sungura likikosa chakula cha kutosha, mimba yaweza kuyeyuka tumboni mwake bila ya kuzaliwa. Mlinzi wa pili ni adui: mbweha, tai, mwewe, paka mwitu, kicheche na wengineo, ambao huishi kwa nyama ya sungura. Wa tatu ni maradhi, ambayo hupita kwa urahisi zaidi wanyama wanapobanana. Wa nne ni majira ya mwaka, yaani baridi, ukame na mafuriko. Mlinzi mmoja akilala, mwingine hushika zamu. Lakini wakilala wawili au watatu kwa pamoja, ndipo balaa huzuka.

Watu wa kale walikwisha kuliona jambo hili. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Plinius asimulia kuwa wenyeji wa visiwa vya Baleari, vilivyo mashariki ya Hispania, walimwomba Kaisari Augusto awapelekee askari wa kuwasaidia kupigana na sungura waliokuwa wakimaliza mazao yao. Mwandishi mwingine, Strabo, asema kuwa sungura wote wa huko walitokana na jozi moja iliyoletwa kutoka bara. Katika karne ya 15 Wareno walianza kukaa katika kisiwa cha Porto Santo, katika Bahari ya Atlantiki. Mkubwa wao, Bartolomeu Perestrelo, alichukua sungura jike aliyezaa njiani chomboni, akamwachilia kisiwani pamoja na watoto wake. Baada ya muda mfupi kila kilichopandwa kiliguguniwa mpaka chini, na watu wakalazimika kukiacha kisiwa kwa muda na kwenda kutafuta maisha kisiwa cha jirani, Madeira. Visiwa hivyo havikuwa na mbweha wala kicheche wa kuwala sungura. Habari hizo ziliandikwa, zikasomwa, kisha zikasahauliwa.

Sasa twende Australia. Meli za kwanza za Waingereza waliokwenda kukaa huko zilifika mwaka 1788, na ndani yake walikuwamo sungura wachache. Wengine wakaletwa baadaye, mara nyingi, lakini katika bara lenyewe hawakuenea sana. Wengi wao walikuwa sungura wa kufugwa, waliozoea kibanda na mkono wa mtu, wala hawakujua kujilinda porini.

Alikuwako huko, katika jimbo la Victoria, tajiri mmoja mwenye mashamba ya kondoo, jina lake Thomas Austin, mzaliwa wa Uingereza. Mahali pake paliitwa Barwon Park. Bwana huyu alipenda mchezo wa kuwinda kama alivyouzoea kwao, akamwandikia ndugu yake aliyebaki Uingereza ampelekee sungura. Mwezi wa Desemba mwaka 1859, siku ya Krismasi, sungura 24 wakafika Melbourne. Baadhi yao walikuwa wa mwituni, walionaswa mashambani Uingereza. Walipelekwa Barwon Park, na muda si muda wakawa huru mashambani. Uchunguzi wa nasaba uliotangazwa mwaka 2022 umeonyesha kuwa sungura wa mwituni walioenea katika bara la Australia, karibu wote, ni uzao wa kundi hilo.

Mwanzoni watu walifurahi. Mwaka 1866 wawindaji waliua katika mashamba ya Austin sungura zaidi ya 14,000. Mwaka uliofuata mwana wa Malkia Victoria, aliyeitwa Alfred, alipozuru Australia, alialikwa Barwon Park awinde, na bunduki zikalia kutwa. Ilikuwa ni heshima kuwa na sungura. Watu wengine wakawachukua na kuwaachilia katika mashamba yao wenyewe.

Hawakufahamu kuwa wameleta mnyama na kuwaacha walinzi wake nyuma. Tuwatazame mmoja mmoja. Njaa haikuwako, kwa sababu nchi ilikuwa imefunguliwa kuwa malisho ya kondoo, na majani mafupi mororo ndiyo apendayo sungura. Baridi haikuwako ya kutosha kumzuia kuzaa. Katika sehemu nyingi za huko aliweza kuzaa muda mrefu zaidi wa mwaka kuliko alivyofanya Uingereza. Maradhi makali ya kwao hayakuwako. Na adui? Australia ilikuwa na tai, mwewe, na mbwa mwitu aitwaye dingo, ambao wangeweza kula sungura wengi. Lakini wenye kondoo waliwapiga bunduki na kuwawekea sumu kwa kuogopa wana-kondoo wao wasiliwe. Hivyo mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja, na mlinzi akafukuzwa kwa mkono wa pili.

Sungura wakaenda. Kwa wastani walisonga mbele kilomita 100 hivi kwa mwaka, yaani maili 60 na zaidi. Waliuvuka mto Murray wakaingia jimbo la New South Wales. Baadaye wakaingia Queensland. Na mwaka 1894 walikuwa wamekwisha kuvuka nchi kavu ya kusini na kuingia Australia ya Magharibi, upande unaotazama Bahari ya Hindi, bahari hiyo hiyo ipigayo mawimbi Mombasa na Dar es Salaam. Katika muda wa miaka 70 hivi walienea katika sehemu kubwa ya bara zima. Hapana mnyama mwingine anyonyeshaye ambaye ameonekana kuenea upesi kiasi hicho katika nchi ngeni.

Yasemekana kuwa sungura kumi hivi hula majani yamtoshayo kondoo mmoja. Basi, mwenye shamba aliyekuwa na kondoo elfu nyingi alijikuta amebaki na wachache, na hao wamekonda. Sungura hula hata mizizi, na majani yakiisha huguguna magome ya miti na kukata miche michanga. Miti mizee ilipokufa haikuacha warithi. Udongo ulibaki uchi, upepo ukauchukua. Katika miaka ya ukame sungura wenyewe walikufa kwa maelfu, wakilundikana kwenye nyua za waya wakitafuta njia ya kwenda kwenye maji. Lakini wachache waliosalia, mvua iliponyesha, walianza upya hesabu ile tuliyoifanya. Watu wengi waliacha mashamba waliyoyafungua kwa jasho la miaka mingi, wakaondoka na jamaa zao. Hata wanyama wa asili waliumia. Yuko mmoja mwenye masikio marefu, aitwaye bilby, ambaye huchimba mashimo. Sungura walimnyang'anya chakula na makao, na leo amebaki katika sehemu chache tu za nchi.

Serikali na wenye mashamba walifanya nini? Walifanya kila waliloweza kufikiri. Walipiga bunduki, walitega mitego, waliweka sumu, walilima mashimo kwa plau ili wayafunike. Mwaka 1887 serikali ya New South Wales ilitangaza zawadi ya pauni 25,000 kwa mtu yeyote atakayevumbua njia mpya ya kuwamaliza sungura. Barua zaidi ya 1,400 zikapokelewa kutoka pande zote za dunia. Hata mtaalamu mashuhuri wa Ufaransa, Louis Pasteur, alituma watu wake, akiwamo mpwa wake Adrien Loir, wajaribu maradhi ya kuku yaitwayo kipindupindu cha kuku. Maradhi hayo yaliua sungura waliopewa, lakini hayakuenea vya kutosha kutoka kwa sungura mmoja hadi mwingine, tena yalikuwa ni hatari kwa ndege. Zawadi haikupata mtu.

Huko Australia ya Magharibi walitaka kuwazuia kwa ukuta. Mwaka 1901 walianza kujenga ua wa waya kutoka pwani ya kusini kwenda pwani ya kaskazini. Ua huo ulikwisha mwaka 1907, nao ulikuwa na urefu wa kilomita 1,833, yaani maili 1,139. Walinzi walitembea kandokando yake, wengine kwa ngamia, wakitengeneza palipobomoka. Lakini kabla ya ua huo kwisha, sungura wengine walikuwa wamekwisha kuupita. Ukajengwa wa pili, kisha wa tatu, na zote tatu kwa pamoja zikawa na urefu wa kilomita 3,256. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa walijenga kuta tatu, na ufa ulikuwa umekwisha kuwa mlango.

Wengine walisema, tulete adui wa sungura. Shauri hili lasikika kuwa jema, lakini lilizaa msiba wa pili. Paka waliachiliwa porini; mbweha nao, walioletwa kwa ajili ya mchezo wa kuwinda, walienea wakifuata njia za sungura. Wote wawili walikula sungura, ni kweli. Lakini walikula pia wanyama wadogo wa nchi ambao hawakuzoea adui wa namna hiyo, na baadhi ya jamii za wanyama hao zimetoweka kabisa. Katika visiwa vya New Zealand, ambako sungura walikuwa wamesumbua vivyo hivyo, waliletwa katika miaka ya 1880 wanyama wadogo wakali wa jamii ya kicheche. Sungura hawakuisha, bali wanyama hao waliingia misituni wakala mayai na makinda ya ndege wasioweza kuruka. Adui akiletwa mahali asipopajua hachagui chakula kwa kufuata matakwa ya aliyemleta.

Hata ikafika mwaka 1950, nchi ya Australia ikakadiriwa kuwa na sungura milioni 600. Ndipo ulipoingia mlangoni yule mlinzi wa tatu, maradhi.

Mwaka 1896, katika mji wa Montevideo, nchi ya Uruguay, mtaalamu Mwitalia aitwaye Giuseppe Sanarelli aliona sungura wake wa kufugwa wanakufa kwa maradhi ya ajabu. Macho yalivimba yakafumba, kichwa kikavimba, na baada ya siku chache wakafa. Maradhi hayo yaitwa miksomatosi, nayo huletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, ambavyo huchukuliwa na mbu na viroboto. Baadaye ilijulikana kuwa yupo mnyama wa jamii ya sungura huko Amerika ya Kusini ambaye amekaa na virusi hivyo tangu zamani. Kwake yeye ni kivimbe kidogo tu juu ya ngozi. Lakini sungura wa Ulaya, ambaye hajapata kuvijua, hufa.

Mwaka 1950 wataalamu wa Australia waliviachilia virusi hivyo katika bonde la mto Murray. Miezi ya kwanza ilionekana kana kwamba kazi imeshindikana. Kisha mvua ikanyesha, mbu wakazaliana, na mwezi wa Desemba maradhi yakaanza kupita kando ya mito kama moto wa nyika. Katika kila sungura 100 walioambukizwa, zaidi ya 99 walikufa.

Wakati huo huo, katika sehemu zile zile, watu wengine walishikwa na maradhi ya ubongo, na wananchi wakaingiwa na hofu kuwa dawa ya sungura inaua watoto wao. Hofu hiyo ilikuwa na haki ya kujibiwa. Mwaka 1951 wataalamu watatu, Macfarlane Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, walijidunga sindano ya virusi vya miksomatosi katika miili yao wenyewe. Hawakupatwa na ugonjwa wowote. Ikadhihirika kuwa maradhi ya watu yalikuwa mengine, yaliyochukuliwa pia na mbu. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ni mfano mzuri: mwenye kuwataka watu waiamini dawa yake na awe wa kwanza kuinywa.

Katika muda wa miaka miwili hivi, sungura walipungua kutoka milioni 600 wakawa kama milioni 100. Majani yakarudi, sufu na nyama vikaongezeka, na wenye mashamba wakashukuru. Wengi walidhani kuwa habari ya sungura imekwisha.

Haikwisha, wasikilizaji wetu, na hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote. Kirusi kilichomwua sungura upesi mno kilijidhuru chenyewe, maana mbu huchukua virusi kwenye ngozi ya sungura aliye hai, na sungura afaye baada ya siku chache hawapi mbu nafasi kubwa. Lakini kirusi kilichopoa kidogo, kikamwacha sungura aishi wiki mbili au tatu, kilichukuliwa na mbu wengi zaidi na kufika mbali zaidi. Kwa hiyo virusi vilivyopoa ndivyo vilivyoenea. Kwa upande wa sungura, wale wachache waliopona walikuwa na miili yenye nguvu ya kushindana na maradhi, nao ndio waliozaa. Wataalamu waliwakamata sungura wa mwituni kila mwaka katika mahali pamoja na kuwapa virusi vya nguvu ile ile. Mwanzoni walikufa 90 katika kila 100. Baada ya miaka saba hivi walikufa chini ya 30. Mizani iliyovunjwa ilikuwa ikijijenga yenyewe, wala haikumwuliza mtu ajengewe upande gani.

Na huko Ulaya, kwenye asili ya sungura, mambo yalikwenda kwa upande wa pili. Mwezi wa Juni mwaka 1952 daktari mmoja Mfaransa, Paul-Félix Armand-Delille, alitaka kuwaondoa sungura katika shamba lake lililozungushiwa ukuta huko Maillebois. Akapata virusi hivyo akawapa sungura wawili. Ukuta haukumzuia mbu wala kiroboto. Maradhi yakaenea Ufaransa yote, na mwaka 1953 yakavuka bahari mpaka Uingereza, na yakaendelea hata Hispania.

Huko Hispania yuko paka mwitu mwenye masikio yenye vishada, aitwaye linksi, ambaye chakula chake karibu chote ni sungura. Sungura walipokufa, yeye naye alikosa riziki. Na pamoja na mitego, bunduki na kukatwa kwa mapori, jamii yake ikapungua hata katika mwaka 2002 walibaki chini ya 100 waliokomaa. Ilihitajika kazi kubwa ya kuwatunza na kuwarudishia sungura mpaka wakaongezeka. Mwaka 2023 walihesabiwa zaidi ya 2,000. Uingereza nako sungura walipotoweka majani yalirefuka malishoni, na kipepeo mmoja mkubwa wa rangi ya buluu akatoweka mwaka 1979. Kipepeo na sungura wana udugu gani? Viwavi wa kipepeo huyo hulelewa ndani ya vichuguu vya sisimizi wa namna moja tu, na sisimizi hao hutaka udongo uliopashwa moto na jua. Majani yakirefuka udongo hupoa, sisimizi hao huondoka, na kipepeo hukosa mlezi. Hivyo mnyama yule yule aliyekuwa msiba Australia alikuwa nguzo kwao. Hapana mnyama aliye mbaya mahali pote, wala aliye mwema mahali pote.

Mwaka 1995 maradhi mengine ya sungura, yaliyoonekana kwanza China mwaka 1984, yalikuwa yakijaribiwa katika kisiwa kidogo karibu na pwani ya kusini ya Australia. Kabla wataalamu hawajamaliza uchunguzi wao yalitoroka, yakafika bara, na yakaua sungura mamilioni kwa muda wa miezi michache. Baada ya hapo sungura wakaanza tena kujenga kinga. Mpaka leo Australia ina sungura wengi, na kazi haijaisha. Kilichofanywa na sungura 24 hakijaweza kufutwa kwa zaidi ya miaka 160.

Labda baadhi yenu mtasema, Australia ni mbali, hayo yatuhusu nini? Basi tutazame karibu. Katika miaka ya 1890 waliletwa Unguja kunguru kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji. Ilionekana kuwa shauri la busara. Leo kunguru hao wamejaa Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya pwani. Huiba vifaranga na mayai, huharibu viota vya ndege wengine, na wenye kufuga kuku wawajua vizuri kuliko tuwezavyo kueleza. Jozi chache zililetwa kwa kazi moja, nazo zikajichagulia kazi nyingine.

Tena lipo jambo lililo karibu zaidi na hilo, nalo liko katika mikono yetu wenyewe. Bundi akilia juu ya paa, wengi wetu humfukuza au humwua, kwa kuwa wazee walisema analeta mkosi. Nyoka aonekanaye shambani hupigwa, hata awe ni wa namna isiyo na sumu. Nguchiro hufukuzwa kwa ajili ya kuku mmoja. Hatusemi kuwa nyoka mwenye sumu aachwe akae mlangoni, wala kuwa mtu asiwalinde kuku wake. Lakini kabla ya kuinua fimbo yatupasa tuulize: mnyama huyu hula nini usiku, sisi tukiwa tumelala? Bundi huwinda panya. Nyoka wengi huingia mashimo ya panya kuwafuata watoto wao. Kila mmoja wao ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara. Tukiwaua wote, hesabu ile ya jozi moja kuwa jozi 13 haitafanyika tena ubaoni. Itafanyika ndani ya mahindi yetu.

Basi na tukumbuke mambo mawili. La kwanza, wingi wa mnyama hautokani na uzazi wake peke yake, bali na walinzi wanaomzunguka. Ukimhamisha bila ya walinzi wake umeanzisha jambo usilojua mwisho wake. La pili, maumbile hurudisha mizani yakipewa muda, lakini hayaahidi kuirudisha kwa faida yetu, wala kwa haraka tuitakayo. Watu wa Australia walilipa mashamba, malisho na wanyama wao wa asili ili wayajue haya. Sisi twayapata kwa kusikiliza tu, na hayo ni mafunzo ya bei rahisi. Jioni ya leo, mkisikia bundi akilia mtini, mwacheni aende kazini.